Kuchunguza utofauti wa kijenetiki na ukali wa Rhizoctonia solani ya viazi: hatua ninazofuata maabarani Nairobi

Kijana mmoja anayesomea shahada ya uzamili alinijia maabara akiwa na grafu kumi na nane za mfuatano wa DNA, alizozilipia kwa fedha zake mwenyewe. Nyingi kati yake zilianza vizuri kisha zikavurugika kuanzia katikati hadi mwisho. Alikuwa ameshakata shauri kwamba kuvu zake zimechanganyika na uchafu, na kwamba hana budi kurudi Kinangop kuchukua sampuli upya msimu ujao. Hakuwa na haja ya kurudi. Tatizo hilohilo lilinipotezea miezi miwili nilipokuwa naanza kazi hii, na kwa kuwa sijaliona likielezwa kwa Kiswahili, nimeandika hapa hatua zote tulizozipitia pamoja naye, nikikawia zaidi pale penye mtego.

Ninachukulia kwamba msomaji anajua kupika aga, kutumia pipeti na kufanya kazi karibu na moto bila kuchafua sahani. Hayo sitayarudia.

Kuvu yenyewe na maswali mawili

Rhizoctonia solani ni kuvu ya udongoni ambayo Julius Kühn aliieleza nchini Ujerumani mwaka 1858 baada ya kuipata kwenye viazi. Wakulima wengi huijua bila kujua jina lake. Mama mmoja wa Kinangop alinionyesha viazi vyenye madoa meusi yaliyoganda juu ya ganda, akaniambia, "Mwalimu, udongo huu nimeuosha na kuusugua, haubanduki." Nilimweleza, "Mama, huo si udongo, ni ugonjwa," kisha nikabandua doa moja kwa ukucha ili alione. Madoa hayo ni sklerotia, yaani mafungu ya nyuzi za kuvu zilizokazana zikawa ngumu, na yanaweza kukaa udongoni kwa miaka yakisubiri kiazi kingine. Hasara kubwa, hata hivyo, huwa imekwisha kutokea kabla ya madoa hayo kuonekana: kuvu hushambulia chipukizi kabla halijatoka ardhini, huacha vidonda vya kahawia kwenye shina lililo chini ya udongo, na shina likizungukwa, chakula hushindwa kushuka hadi mizizini, mmea ukaanza kutoa viazi vidogo vya kijani kwapani mwa majani.

Wanasayansi huigawa kuvu hii katika makundi ya anastomosisi, yanayofupishwa kwa herufi AG. Nyuzi za kuvu mbili za kundi moja zikikutana huungana, na zile za makundi tofauti kwa kawaida haziungani. Makundi yanayotambuliwa ni AG-1 hadi AG-13, pamoja na lile liitwalo AG-BI. Kwenye viazi kundi kuu ni AG-3, hasa tawi lake liitwalo PT, ingawa AG-2-1, AG-4, AG-5 na AG-8 nazo zimepatikana kwenye viazi katika nchi mbalimbali.

Maswali yetu basi ni mawili: kuvu tulizonazo zinatofautianaje kijenetiki, na kila moja ina ukali gani juu ya kiazi. Ninasisitiza tangu mwanzo kwamba jibu la swali la kwanza halijibu la pili. Kuvu mbili za AG-3 zinaweza kuwa na mfuatano mmoja wa ITS, yaani kipande cha DNA kinachotumika kutambua kuvu, lakini moja ikaua chipukizi na nyingine ikaacha kovu dogo tu. Katika mwongozo huu, nikisema "kimelea" nina maana ya kuvu iliyotengwa kutoka kiazi kimoja au shina moja na kupewa namba yake.

Hatua ya 1: Kuchukua sampuli

Usinunue sampuli Marikiti. Najua ni karibu, na najua gunia la viazi vya aina ya Shangi lenye madoa halikosekani pale, lakini viazi vya soko hilo hutoka kaunti nyingi na huchanganywa njiani, na muuzaji akikuambia vimetoka Ol Kalou huna njia ya kuthibitisha. Sampuli isiyo na shamba haiwezi kukuambia lolote kuhusu mgawanyo wa utofauti kati ya sehemu na sehemu. Inafaa kwa mazoezi ya kutenga kuvu, na hapo ndipo mwisho wake.

Shambani, chukua kiazi kimoja au shina moja kwa kila mmea, na uache mita kumi hivi kati ya mmea na mmea, ukitembea kwa njia ya pembepembe. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchukua viazi ishirini katika shimo moja na kurudi na kuvu ileile mara ishirini. Andika majira ya nukta, yaani mahali penyewe, kwa GPS, aina ya kiazi, zao lililotangulia, na hasa mahali mbegu ilipotoka. Wakulima wengi hupanda mbegu waliyoihifadhi wenyewe au waliyonunua kwa jirani, nayo kuvu husafiri ikiwa imeganda juu ya mbegu hiyo. Baadaye ukikuta kimelea cha Timau kinafanana kabisa na cha Molo, dokezo la kwanza litakuwa katika safu hiyo ya mbegu.

Tia kila sampuli katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Ndani ya plastiki viazi hutoa jasho, na ukifika Nairobi utakuta bakteria wameshatangulia.

Hatua ya 2: Kutenga na kusafisha kuvu

Osha kiazi kwa maji ya bomba, bandua sklerotia kwa ncha ya kisu, uzitumbukize katika sodiamu haipokloraiti ya asilimia 1 kwa dakika moja, kisha uzisuuze mara tatu kwa maji yaliyotakaswa na kuzikausha juu ya karatasi safi ya kuchujia. Ukitumia dawa ya kung'arisha nguo inayouzwa dukani, soma kwanza asilimia iliyoandikwa kwenye chupa na uipunguze kwa hesabu. Usikadirie kwa macho.

Panda sklerotia hizo juu ya aga ya maji yenye antibiotiki ya streptomaisini au kloramfenikoli. Wapo wanaopanda moja kwa moja juu ya aga ya viazi na dekstrosi, yaani PDA, kwa kuwa kuvu hukua haraka na kupendeza macho. Mimi siwashauri hata kidogo. PDA ina chakula kingi, hivyo kila kilichokuwa juu ya sklerotia hunenepa pamoja, ilhali juu ya aga ya maji nyuzi za Rhizoctonia hutambaa mbele zikitafuta chakula na kuwaacha wengine nyuma. Baada ya saa 24 hadi 48 utaziona kwa hadubini zikiwa zimetangulia. Kata ncha ya uzi mmoja pamoja na kipande kidogo cha aga, uhamishie kwenye sahani nyingine ya aga ya maji, na urudie kukata ncha mara mbili zaidi kabla ya kuhamia PDA.

Mara tatu, si mara moja. Kijana niliyemsaidia alikuwa amekata ncha mara moja tu, na ndiyo maana tulipofika hatua ya 5 hatukuweza kusema kwa uhakika kama tunaona uchafu au tunaona kuvu yenyewe.

Siku ileile kimelea kinapokuwa safi, kihifadhi. Mimi hukiotesha juu ya punje za mtama zilizotakaswa, nikazikausha kwa hewa safi na kuziweka katika bahasha ndogo za karatasi ndani ya friji. Kuvu inayohamishwa sahani hadi sahani kwa miezi inaweza kupoteza ukali wake, na ukiipima baadaye utakuwa unapima uchovu wa maabara.

Hatua ya 3: Kuithibitisha kwa hadubini

Tafuta tawi linalotoka kwenye uzi kwa pembe inayokaribia mraba, shingo iliyobanwa pale tawi linapoanza, ukuta wa seli muda mfupi baada ya shingo hiyo, na rangi ya kahawia katika nyuzi zilizokomaa. Haitoi vijimbegu vya konidia. Kisha hesabu viini. Weka tone la safranini O na tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3 juu ya kioo, na uhesabu viini katika seli zipatazo ishirini zilizo karibu na ncha. Zikiwa na viini viwiliviwili, hiyo ni jamaa yake wa viini viwili wala si R. solani. Zikiwa na zaidi ya viwili, endelea. Kazi hii huchukua robo saa, nayo imeniokolea gharama ya kusoma DNA mara nyingi.

Hatua ya 4: DNA na PCR

Otesha kuvu katika mchuzi wa viazi na dekstrosi kwa siku tatu hadi tano, uichuje na uisage kabla haijawa ya kahawia. Rangi hiyo, melanini, ikishajaa, PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi, husumbua. Ninatumia njia ya CTAB, aina ya sabuni inayopasua seli: CTAB asilimia 2, chumvi ya kawaida 1.4 M, Tris 100 mM ya pH 8, EDTA 20 mM, katika nyuzi joto 65 kwa saa moja, kisha klorofomu na alkoholi ya isoamili kwa uwiano wa 24 kwa 1, kisha isopropanoli, kisha ethanoli ya asilimia 70. Vifaa vya pakiti ni ghali, na sukari nzito za kuvu hii huziba vichujio vyake. Klorofomu ifanyiwe kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, ni ITS1F na ITS4, joto la kushikana nyuzi 55, mizunguko 35. Kipande kitokee kwenye jeli kikiwa na jozi za besi karibu 700. Weka daima tyubu moja isiyo na DNA, na ikionyesha mstari wowote, tupa kazi yote ya siku hiyo.

Hatua ya 5: Kusoma grafu za mfuatano

Hapa ndipo alipokwama kijana wangu, na ndipo nilipokwama mimi.

Agiza kila sampuli isomwe kutoka pande zote mbili, kwa ITS1F na kwa ITS4. Najua gharama inaongezeka maradufu. Ikiwa fedha hazitoshi, punguza idadi ya vimelea, usipunguze pande za kusoma. Sababu yake itaonekana hivi punde.

Matokeo yakirudi, usifungue faili ya herufi tupu. Fungua grafu yenyewe, ile yenye vilele vya rangi nne, na uipitie kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho. Faili ya herufi ni maoni ya kompyuta kuhusu grafu, na pale kompyuta inapoona vilele viwili mahali pamoja, mara nyingi huchagua kirefu na kunyamaza. Mtu anayechukua herufi hizo na kuzipeleka GenBank, hifadhidata ya umma ya mifuatano ya DNA, kulinganisha hupata jibu linalosema AG-3, akafurahi, asijue kwamba ametupa nusu ya taarifa na kwamba nusu aliyobaki nayo ina herufi za kubahatisha.

Katika kuvu hii utakutana na sura nne za grafu. Zitofautishe kwa utulivu, kwa kuwa kila moja ina maana yake.

Sura ya kwanza ni grafu safi yenye kilele kimoja kila mahali. Hiyo haihitaji maelezo.

Sura ya pili ni grafu safi kwa jumla, yenye nafasi mojamoja ambapo vilele viwili vimesimama pamoja kwa urefu unaokaribiana, na kabla na baada ya nafasi hiyo kila kitu kimetulia. Maana yake ni kwamba ndani ya kimelea hicho kuna nakala mbili za ITS zinazotofautiana kwa herufi moja pale. Usichague mojawapo. Andika herufi ya mkusanyo: Y kwa C na T, R kwa A na G, W kwa A na T, S kwa G na C, K kwa G na T, M kwa A na C. Kisha hakikisha kwamba grafu ya upande wa pili inaonyesha jambo lilelile katika nafasi ileile. Kilele cha ziada kinachoonekana upande mmoja tu, hasa kikiwa kifupi, mara nyingi ni kelele ya usomaji.

Sura ya tatu ndiyo iliyomtisha kijana. Grafu inaanza safi, inafika nafasi fulani, tuseme ya 180, na kuanzia hapo vilele viwili viwili vinafuatana hadi mwisho kana kwamba watu wawili wanasoma barua moja, mmoja akiwa ametangulia kwa neno. Na hivyo ndivyo ilivyo hasa. Nakala moja ya ITS ina herufi ambayo nakala nyingine haina, basi kuanzia nafasi hiyo nakala moja iko mbele ya mwenzake kwa hatua moja, na mashine inazisoma zote kwa pamoja. Kipimo chake ni grafu ya upande wa pili: ikiwa nayo inaanza safi kutoka mwisho wake na kuvurugika inapofika karibu na nafasi ileile ya 180, basi umepata herufi iliyozidi au iliyopungua, wala si uchafu. Uchafu wa kuvu nyingine hauwezi kwa kawaida kuwa na mfuatano uleule kabisa hadi nafasi moja kisha kutofautiana kwa herufi moja tu. Kwa grafu hizo mbili unaweza kuandika mfuatano wote, ukitumia ITS1F hadi nafasi ile na ITS4 kuanzia pale. Ukiwa na upande mmoja pekee huna la kufanya.

Kuna tahadhari ndani ya tahadhari. Mahali penye mfululizo mrefu wa herufi moja, kwa mfano A nane au zaidi, kimeng'enya kinachonakili DNA chenyewe kinaweza kuteleza wakati wa PCR na kuleta mvurugiko unaofanana sana na huu. Ukiona mvurugiko unaanza mara tu baada ya mfululizo wa namna hiyo, usiuhesabu kama tofauti ya kijenetiki mpaka uthibitishe kwa njia nyingine.

Sura ya nne ni vilele viwili au vitatu kila mahali tangu herufi za mwanzo, kwa pande zote mbili. Hapo shuku uchafu kweli. Rudi kwenye aga ya maji, kata ncha mara tatu, toa DNA upya.

Kwa nini kuvu moja safi iwe na nakala mbili zinazotofautiana? Seli za R. solani zina viini vingi, na kuvu inayotoka shambani kwa kawaida hubeba viini vya asili mbili vinavyoishi pamoja katika uzi mmoja. Zaidi ya hayo, sehemu ya DNA inayotengeneza ribosomu, ambamo ITS imo, hurudiwa mara nyingi ndani ya kila kiini, na nakala hizo si lazima zifanane zote. Ukikata ncha ya uzi unahamisha viini vyote vilivyomo, kwa hiyo kukata ncha kunaondoa wageni lakini hakuondoi mchanganyiko ulio wa kuvu yenyewe. Jambo hili peke yake, lau ningeambiwa mapema, lingeniokolea ile miezi miwili, kwa kuwa nilikuwa nasafisha na kusafisha tena kitu kilichokuwa safi tangu mwanzo.

Kutokana na hilo hupatikana kipimo cha uamuzi. Kata ncha upya mara tatu, toa DNA upya, soma upya. Nafasi zenye vilele viwili zikirudi zilezile, hizo ni za kuvu. Zikibadilika au kutoweka, ulikuwa na mchanganyiko. Tulifanya hivyo kwa vimelea sita vya kijana, na vyote sita vilirudisha nafasi zilezile.

Ikiwa unahitaji kila nakala peke yake, pandikiza kipande cha PCR ndani ya plasmidi, yaani kiduara kidogo cha DNA, ioteshe ndani ya bakteria wa E. coli, na usome makoloni yasiyopungua matano, yakifika kumi ni bora. Tumia kimeng'enya kinachokosea mara chache, na herufi yoyote iliyoonekana katika koloni moja tu uihesabu kuwa kosa la PCR mpaka ionekane tena. PCR pia huweza kuunganisha mwanzo wa nakala moja na mwisho wa nyingine, hivyo ukikuta nakala ya tatu iliyo nusu ya kwanza na nusu ya pili, usitangaze kuwa ni mpya.

Mwisho, unapolinganisha na GenBank, usiridhike na jina la juu kabisa katika orodha. Baadhi ya mifuatano iliwekwa bila kundi lake la AG, na mingine iliwekwa kwa kundi lisilo sahihi. Chukua mifuatano kadhaa ya kila kundi iliyotokana na vimelea vya rejea, vile ambavyo kundi lake limethibitishwa, chora mti wa ukoo pamoja na yako, na uangalie kimelea chako kinaangukia tawi lipi.

Hatua ya 6: Utofauti ndani ya kundi

ITS hukuambia kundi. Mwaka 2012 ilipendekezwa rasmi kuwa alama ya jumla ya kutambua kuvu, na kwa kazi hiyo inatosha, lakini haifai kupimia utofauti wa vimelea vya AG-3 kati ya Nyandarua na Meru, kwa kuwa hubadilika polepole mno. Kwa swali hilo tumia mikrosatelaiti kadhaa zilizotengenezwa kwa AG-3, yaani alama za DNA fupi inayojirudia. Kwa sababu ya viini vya asili mbili, utapata aleli, yaani umbo la alama hiyo, moja au mbili kwa kila alama, nawe ziandike zote mbili.

Kwa uchambuzi ninapendelea programu ya takwimu ya R pamoja na kifurushi chake cha poppr, kwa kuwa kinazingatia viumbe vinavyozaana kwa kujirudufu. Kabla ya kukokotoa kipimo chochote cha utofauti, punguza kloni: ndani ya shamba moja, vimelea vyenye jenotaipu moja, yaani aleli zilezile kwa alama zote, vihesabiwe mara moja. Ripoti matokeo ya kabla na ya baada ya kupunguza, na usome tofauti yake kwa makini, kwa maana ikiwa kubwa inaonyesha kwamba kuvu inaenea shambani kwa sklerotia na mbegu zaidi kuliko kwa kuchanganya jeni.

Hatua ya 7: Kupima ukali kwenye mmea

Jaribio hili liharibikapo, huharibiwa na joto. AG-3 hudhuru zaidi katika udongo wa baridi na unyevu, kwa kuwa chipukizi hukawia kutoka ardhini na kuvu hupata muda wa kulishambulia. Banda letu Kabete hupita nyuzi joto 30 mchana wa Februari, na jaribio nililolifanya mwezi huo lilionyesha vimelea vyote kuwa vipole. Nikarudia vimelea vilevile mwezi wa Julai, vyungu vikiwa kivulini ndani ya kitanda cha mchanga mbichi, na tofauti kati yao zikajitokeza wazi. Tangu hapo nafanya kazi hii Juni hadi Agosti pekee, kipimajoto kikiwa sentimita tano ndani ya udongo, nikilenga nyuzi 15 hadi 20.

Loweka punje za mtama usiku kucha, zitakase ndani ya otoklevu siku mbili mfululizo, weka vipande vitano vya kuvu, acha wiki mbili ukitikisa chupa kila baada ya siku mbili ili punje zisigandamane. Takasa udongo pia mara mbili. Tumia mbegu ndogo safi kutoka kwa mzalishaji aliyeidhinishwa. Shangi huchipuka upesi baada ya kuvunwa, kwa hiyo panga tarehe zako kwa kufuata chipukizi, na vyungu vyote vipate mbegu zenye chipukizi za urefu unaolingana. Weka punje kumi juu kidogo ya chipukizi, funika kwa udongo. Vyungu visivyopungua vinane kwa kila kimelea, vipangwe kwa bahati nasibu ndani ya vitalu, na viwepo vyungu vilivyopewa punje zilizotakaswa zisizo na kuvu.

Baada ya wiki sita chimbua kila chungu, hata kile ambacho mmea haukutoka. Chungu kisicho na mmea ndicho kinachoweza kuwa kimebeba kimelea kikali kuliko vyote. Osha mashina na uyape alama: 0 kwa shina lisilo na kidonda, 1 kidonda kikiwa chini ya robo ya mzunguko wa shina, 2 kikifika kati ya robo na nusu, 3 kikizidi nusu, na 4 shina likizungukwa lote au chipukizi likifa. Kielelezo cha ukali hupatikana kwa kuzidisha idadi ya mashina kwa alama yao, kujumlisha, kugawanya kwa mashina yote mara 4, na kuzidisha kwa 100. Kwa mfano, mashina 20 yakiwa na alama 0 manne, 1 sita, 2 matano, 3 matatu na 4 mawili, jumla ni 33, ukigawanya kwa 80 unapata asilimia 41.25.

Alama hizi ni ngazi, si vipimo vya rula, kwa hiyo ninapendelea jaribio la Kruskal-Wallis kuliko uchambuzi wa kawaida wa tofauti za wastani. Rudia jaribio zima mara ya pili, kisha tenga kuvu upya kutoka kwenye vidonda na uhakikishe ni ileile uliyoiweka.

Ukitaka kupima madoa ya viazi pia, acha mimea ikomae, kata mashina, na uache viazi udongoni wiki mbili hadi tatu, kwa kuwa sklerotia huundwa kwa wingi baada ya mmea kufa. Kimelea kinachotoa vidonda vikubwa vya shina si lazima ndicho kitoacho madoa mengi. Vihesabu kama sifa mbili. Udongo wote uliotumika urudi ndani ya otoklevu kabla ya kumwagwa.

Hatua ya 8: Kuweka majedwali mawili pamoja

Sasa panga kila kimelea katika mstari mmoja: namba, shamba, asili ya mbegu, kundi la AG, jenotaipu, kielelezo cha ukali wa shina, kielelezo cha madoa. Swali la kuuliza kwanza ni kama vimelea vya jenotaipu moja vinakaribiana kwa ukali kuliko vimelea vya jenotaipu tofauti. Usiuulize kwa kuchora mstari wa wastani wa kila kaunti, kwa kuwa kaunti yenye vimelea vitatu haiwezi kulinganishwa na yenye thelathini.

Vimelea vitano vya kijana vilikuwa na jenotaipu moja, vikatoka katika mashamba matatu. Katika safu ya mbegu, wakulima wote watatu walikuwa wamenunua kwa jirani mmoja. Vinne kati ya hivyo vilikuwa na ukali unaokaribiana, na cha tano kilikuwa kipole sana. Tulipofungua daftari lake la maabara tuliona kwamba hicho cha tano alikuwa amekihamisha sahani hadi sahani kwa miezi saba kabla ya kukipima, ilhali vile vinne vilitoka kwenye bahasha za mtama. Bahasha yake ya mtama bado ipo ndani ya friji, nacho kitapimwa tena Julai.